Kadi za Shangazi Zilizochukua Siku Nzima

Enzi zetu pale Tunduma, kompyuta ilikuwa inavaa. Watoto wa leo wataliona hilo kama uongo wa watu wazima, lakini ninyi mliokuwa shule ya msingi miaka ile mtakuwa mashahidi wangu. Ilivaa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya bluu pembeni, ndugu yake yule wa kufunikia redio na makochi ya wageni, na hakuna aliyeruhusiwa kuivua isipokuwa Shangazi.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa na steshenari kando ya barabara iendayo mpakani. Chumba kilikuwa kimoja, na nje lilisimama bango la mbao lililosema kwamba humo wanachapa, wanatoa kopi na wanatengeneza kadi za aina zote. Vumbi la Tunduma mnalijua. Kila lori liliposogea kwenye foleni, chumba kizima kilikohoa. Kwa hiyo ilikuwa sheria: ndala zibaki mlangoni, miguu ikung'utwe kwenye gunia, mikono ioneshwe. Shangazi alitukagua mimi na kaka yangu Ezekia kama mwalimu wa zamu.

"Wewe umekula kapenta," alikuwa akiniambia. "Rudi kanawe. Kibodi yangu haili samaki."

Mashine ya kwanza ninayoikumbuka ilikuwa na kioo cha bluu na maandishi meupe, basi. Hakuna mausi, hakuna picha, hakuna rangi nyingine. Juu ya kibodi Shangazi alikuwa amebandika ukanda wa karatasi alioandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: hiki cha kukoza, hiki cha kupiga mstari, hiki usikiguse. Kichapishi chake kilipiga kelele kama mtu anayechana bati, na karatasi zilitoka zikiwa zimeshikana, zenye matundu pembeni kote. Yale matundu ndiyo yalikuwa mshahara wetu. Tulichana kile kipande cha pembeni taratibu kisikatike, tukakikunja kuwa bangili na mikufu, na mwenye ukanda mrefu kuliko wote ndiye aliyekuwa bosi wa mtaa hadi jioni. Nasikia harufu ya ule utepe wa wino hata sasa, harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na chuma cha moto.

Kisha ikaja mashine ya pili, aliyoinunua upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ikiwa imeshatumika, na ndiyo iliyotuharibu akili kabisa. Hiyo ilikuwa na Word yenye picha. Maneno yaliweza kupinda kama upinde wa mvua. Kulikuwa na njiwa wawili wanaobusiana, pete mbili zilizoshikana, na fremu za kuzungushia ukurasa. Fremu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya matufaha mekundu. Yakitoka kwenye printa yalikuwa meusi, na kwa kuwa matufaha tulikuwa hatujayaona vizuri, watu wengi waliamini ni maparachichi. Mama yangu, ambaye ni wa Iyula huko Mbozi, alijivunia kabisa kwamba wazungu wameweka maparachichi ya kwao kwenye kompyuta.

Na kulikuwa na kile kibanio cha karatasi chenye macho. Mnakikumbuka? Kilikaa pembeni ya kioo, kikikodoa, kikigonga kama mtu anayebisha hodi. Mimi nilikuwa mtoto wa kuogopa kila kitu, na nilishajiaminisha kwamba kinaandika majina ya watoto watundu. Kila nilipoingia nilikiamkia, shikamoo, kwa sauti ndogo Ezekia asisikie. Alisikia. Mpaka leo akinipigia simu ananiuliza kama nimemwamkia mjomba.

Lakini siku ninazozililia hasa ni siku za kadi.

Mtu akiwa na harusi au sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, alikuja kwa Shangazi asubuhi na akaondoka jua likielekea kuzama. Shangazi alitengeneza kadi moja ya mfano, kisha kila mgeni aliandikiwa ya kwake. Alifuta jina la aliyetangulia, akaandika linalofuata, akachapa. Kisha tena. Kazi yangu na Ezekia ilikuwa kukaa kwenye mkeka chini ya meza na kumsomea majina kwa zamu. Na kwa kila jina, kabla ya kuligusa, Shangazi aliinua vidole juu ya kibodi na kumuuliza mwenye shughuli:

"Huyu ni mtoto wa nani?"

Hapo ndipo siku ilipokuwa inaliwa. Maana hakuna aliyejibu swali hilo kwa neno moja. Mtu alianza na baba, akaenda kwa babu aliyehamia kutoka Ndalambo, akapitia kwa shangazi aliyeolewa Zambia na ng'ombe wake walioliwa na mafuriko, akarudi. Wateja wengine waliokuja kwa kopi moja tu walijikuta wameketi kwenye benchi, wanachangia. Mama mmoja wa Nakonde, muuza vitenge, alikuwa akichungulia mlangoni na kutusalimu kwa Kibemba: "Ba mayo, mulishani?" Shangazi anajibu, "Bwino, ingia, tumefika kwa mtoto wa tatu." Naye anaingia, anakaa, anasahau vitenge vyake. Tulikula mahindi ya kuchoma nje ya mlango, tukanawa, tukarudi chini ya meza. Umeme ulipokatika, hakuna aliyeondoka. Kitambaa kilirudishwa juu ya mashine na majina yakaendelea kwa mdomo.

Nieleze jambo moja kwa wasiotoka kwetu, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Sisi Wanamwanga, jina la ukoo la mwanamume huanza na Si, la mwanamke huanza na Na. Baba ni Simwinga. Ezekia ni Simwinga. Shangazi ni Namwinga, mimi ni Namwinga, mdogo wangu Neema ni Namwinga. Nyumba moja, baba mmoja. Tulipoanza shule, mwalimu wetu alikuwa mgeni kutoka Tanga, na aliposoma majina alitusimamisha mimi na Ezekia mbele ya darasa.

"Ninyi mmesema baba yenu ni mmoja?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mbona kila mtu ana ukoo wake?"

Tukaangaliana kama watu walioulizwa kwa nini wana pua. Akatuandika kama watoto wa nyumba mbili. Kesho yake Baba alivaa koti lake la kanisani, akaja shuleni, akakaa na mwalimu kwenye ngazi za ofisi na kumweleza taratibu. Mwalimu alicheka sana. "Kumbe kwenu mtu anajulikana hata kabla hajaonekana," alisema, na tangu siku hiyo hakukosea tena. Nakumbuka Baba akirudi nyumbani ameridhika. "Mtu akielezwa anaelewa," alisema, akatundika koti.

Miaka ilikwenda. Barabara ilipopanuliwa, kile chumba kilivunjwa, na zile steshenari mpya zenye mashine za rangi zilikuwa zimeshafunguliwa kila kona. Shangazi hakuolewa, na hakutaka kukaa kwa mtu. Alirudi Ndalambo kwenye nyumba ya babu. Mimi nilikwenda chuo, nikamaliza, nikarudi kwa wazazi Chapwa, pale pale Tunduma, nikiwa na cheti, laptop, na hofu ya kila simu isiyopigwa. Mtu asiye na kazi hupata muda mwingi wa kufikiri, na mimi hata nikiwa na kazi hufikiri kupita kiasi.

Kwa hiyo Neema alipopata mchumba, na kamati ya sendofu ikakaa sebuleni kwetu, kila jicho lilinigeukia. Mwenyekiti alikuwa jirani yetu, Mama Lusajo, mwanamke apendaye mambo ya kisasa. Alitaka kila mgeni apate kadi yenye jina lake na namba ya meza yake. "Hii ni kazi ya msomi," alisema. "Wewe una laptop. Hatutaki mambo ya watu kukaa popote kama mnadani."

Mwingine angeanza kazi. Mimi nilianza kutafakari nitumie programu ipi. Nilikuwa na Word mpya, ile yenye utepe mpana juu uliojaa vitufe. Nilikuwa na ile programu ya bure niliyonakili chuoni. Na kwenye kabati la Mama, ndani ya kopo la biskuti, zilikuwepo disketi za Shangazi. Jirani mwingine mwenye duka la kompyuta alikuwa na kifaa cha kuzisomea, akaninakilia kadi za zamani zote. Nilitamani Neema apate kadi ya matufaha. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyoweza kumweleza mtu.

Nilizifungua kadi zile kwa kila programu. Ile ya bure ilifungua faili zote bila kinyongo, ila njiwa walihamia ukurasa wa pili na upinde wa maneno ukanyooka kama rula. Word mpya ilizionesha vizuri, lakini kila nilipogusa kitu ikaniletea vivuli na rangi nisizoziomba, na nilipoipeleka kadi kwenye duka la kuchapa, mashine yao yenye toleo jingine ikaisogeza mistari yote chini. Ya zamani, nikumbukavyo, haikuwa na ujuzi mwingi, lakini ulichokiweka ulikikuta pale pale. Basi nikaamua kufanya jambo la busara: kutengeneza jedwali la kulinganisha. Nikakwama kwa sababu sikuweza kuamua jedwali la kulinganisha programu nilitengeneze kwa programu ipi. Neema alipita, akatazama kioo, akatikisa kichwa. "Dada, mimi naolewa mwaka huu," alisema. "Si mwaka kesho."

Mwisho nilitumia ile mpya, na lazima niseme ukweli: ilinishangaza. Niliingiza majina ya wageni wote kwenye Excel, nikaiagiza iyapange kwa herufi za ukoo, nikakata kila meza watu kumi, nikaiunganisha na kadi. Kila kadi ikajiandika jina na meza yake. Kazi ambayo Shangazi angetoa jasho, ilikwisha kabla chai yangu haijapoa. Nikampelekea Mama Lusajo orodha ya meza, naye akaisifu kwa kila aliyekutana naye. Nililala vizuri, jambo la nadra kwangu.

Asubuhi Baba alipokea simu kutoka Ndalambo. Alisikiliza kwa muda mrefu, akasema "sawa, dada" mara kadhaa, akaiweka simu mezani polepole.

"Shangazi yako haji," akasema.

Mama Lusajo alikuwa amempigia kumpa namba ya meza yake, na kumsomea atakaokaa nao. Kompyuta ilikuwa imewapanga watu kwa herufi. Ilikuwa imewaweka akina Simwinga, yaani Baba na wadogo zake wote wa kiume, kwenye meza za mwisho, wanaume watupu kama kambi ya ujenzi. Akina Namwinga ilikuwa imewatupa mbali, pembeni ya majina yanayoanza na Mwa, ambayo ni ya ndugu zake Mama kutoka Iyula. Na Shangazi, kwa jinsi nilivyokata kumi kumi, alikuwa ameangukia peke yake kwenye meza ya hao wa Iyula, ambao kwake ni wakwe. Mwanamke ambaye hana familia nyingine duniani zaidi ya ya kaka yake, kwenye shughuli ambayo yeye ndiye wa kumshika binti mkono, angekula na wakwe akiwa peke yake kama aliyekuja kuomba hifadhi.

"Amesema nini hasa?" nikauliza.

"Amesema, kama siku hizi hana kaka, basi atabaki Ndalambo, tutamsimulia."

Jambo hili nililijua tangu darasa la kwanza. Kompyuta ilifanya kosa lile lile la mwalimu wa Tanga, ila kompyuta haina ngazi za ofisi ambapo Baba angekaa nayo na koti lake. Sikusubiri. Nilipanda gari la kwanza la Ndalambo, laptop mapajani, nikiandaa maneno ya kumwambia na kuyakataa yote njia nzima.

Nilimkuta barazani anachambua karanga. Alinitazama kuanzia viatuni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunipeleka kwa wakwe?"

"Nimekuja tupange upya."

"Mimi nimeshapangwa. Nasikia nakaa na wajomba zako wa Iyula, wakulima wa kahawa. Watanipa mbegu."

"Shangazi, nilipanga kwa herufi."

"Kwa herufi." Alitupa karanga mbovu kwa kuku. "Na mimi nilichapa miaka yote ile, mbona sikuwahi kumtenga mtu na nduguye?"

"Kwa sababu ulikuwa unauliza."

Aliendelea na karanga kidogo, kisha akaitazama laptop kwa jicho la upande, jicho ninalolifahamu, la mtu wa fani. "Kitambaa chake kiko wapi?" akauliza. Nikajua nimekaribishwa.

Nilidhani angeidharau. Nilikuwa nimejiandaa tuililie pamoja ile mashine ya zamani, matufaha na kila kitu. Kumbe mwenye kulia nilikuwa mimi tu. "Ile ilinivunja mgongo," alisema. "Hii ni nyepesi hivi? Na kichapishi hakipigi kelele? Mungu wangu, ningeipata hii ningejenga ghorofa." Alitaka kuona kila kitu. Nilipomwonesha jinsi majina yanavyojipanga kwa kubonyeza mara moja, aliniambia nirudie, kisha nirudie tena, akicheka kama mtoto aliyeoneshwa mazingaombwe.

Halafu akasogea karibu. "Hapa pembeni pako wazi," akasema, akigusa kioo kwa kidole chenye unga wa karanga. "Huwezi kuongeza safu?"

"Naweza. Ya nini?"

"Ya mtoto wa nani."

Nikaongeza safu. Nikaandika juu yake maneno hayo hayo, Mtoto wa nani. Yeye akataja, mimi nikajaza, lakini kwa majina machache tu, maana mengine nilikuwa nayajua na mengine niliyanakili kwa kuvuta mausi kwenda chini, mkupuo mmoja nyumba nzima. Kisha nikaiagiza ipange kwa safu ile. Mara moja, Si na Na zikakimbiliana. Baba akatokea, na chini yake Shangazi, na chini yao wadogo zao, nyumba ya babu yote mahali pamoja. Ndugu wa Iyula wakaenda kwao. Meza zikajikata zenyewe.

Shangazi aliliangalia jina lake na la kaka yake.

"Hapo sawa," akasema. Halafu: "Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Yote?"

"Yote, Shangazi."

Akaangalia uani. Jua lilikuwa bado liko juu kabisa. Ng'ombe wa majirani walikuwa ndiyo kwanza wanapelekwa majini. Hakukuwa na mteja kwenye benchi, wala mama wa vitenge mlangoni, wala mtoto chini ya meza. Nilikuwa nimefunga safari yote ile, na kazi iliyonileta ilikuwa imekwisha kabla hajapika hata uji. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Naye, naona, hakujua ya kwake aiweke wapi, maana aliokota karanga moja na kuishika tu.

"Basi utawahi gari," akasema.

"Ndiyo. Nitawahi."

Hakuna aliyeinuka. Kisha akavuta kigoda karibu, akajifuta vidole kwenye kanga, akaelekeza kidevu kwenye kioo.

"Anza juu," akasema. "Nisomee, tuhakiki."

Nikasoma jina la kwanza. Akainua vidole hewani, pale pale ambapo kibodi ingekuwa. "Huyu ni mtoto wa nani?" Safu ilikuwa imeshajibu, iliandikwa hapo mbele yake. Nikaacha kuitazama, nikajibu kwa mdomo, nikakosea kidogo, naye akanirekebisha akianzia kwa babu. Tulikwenda hivyo, mtu kwa mtu. Chaji ilipoisha na kioo kikazima, aliingia ndani akatoka na kitambaa cheupe chenye maua ya bluu, kimepauka, akaifunika laptop, tukaendelea.

Gari la jioni liliniacha. Nililala Ndalambo.

Sendofu ilifana. Kadi zilikuwa za matufaha, safari hii mekundu kweli, na Mama alihuzunika kidogo kugundua hayakuwa maparachichi. Shangazi alikaa kulia kwa Baba, akamshika Neema mkono, akampitisha mbele ya wageni. Vijana walipiga picha kwa simu na nusu yao hawakusoma kadi zao. Walimfuata Mama Lusajo, akawaonesha meza kwa kidole.

Sitawadanganya wenzangu wa rika langu kwamba ya zamani ilikuwa bora. Nimeshazilinganisha, hatimaye, na jedwali ninalo. Mpya inashinda karibu kila mstari. Inapanga, inahesabu, inarekebisha, na ukiiongezea safu inaelewa hata ukoo wetu. Ninachokosa hakimo kwenye programu yoyote kati ya zile. Nakosa ule uvivu wa ile mashine, uliotulazimisha kukaa. Siku hizi kila ninachokianza nakimaliza mapema, nyumba ipo kimya, na mimi nabaki na saa nzima mkononi nikiwaza mambo ya kuogopa. Nikizidiwa, nafunika laptop kwa kanga na kupiga simu Ndalambo. Namtajia Shangazi jina lolote, hata la mtu niliyepishana naye sokoni tu, nasubiri avute pumzi na kuniuliza ni mtoto wa nani.